Orodha Ina Mwenyewe

Kuna aina ya maandishi ambayo sijaona mhakiki wetu akiihakiki, labda kwa sababu haionekani kuwa ni maandishi. Wanahakikiwa watunzi wa riwaya, tamthiliya na mashairi, na mara nyingine hata hotuba za wakubwa, lakini orodha huachwa ipite. Nina maana ya ile orodha anayoichukua msafiri kabla hajapanda ndege, yenye majina ya mahali ambapo akifika mji fulani ni lazima apaone, na asipopaona ahesabiwe kuwa hakufika. Orodha hiyo ina mtunzi, ina msomaji aliyekusudiwa, ina iliyoyataja na iliyoyanyamazia. Kwa hiyo ni maandishi kama mengine, na yafaa yasomwe kwa jicho lile lile.

Mwaka 2024 mpwa wangu alialikwa New York na rafiki yake waliyesoma pamoja, akakae kwake siku nane. Kwa mtu wa kipato chake hayo hayakuwa matembezi ya kawaida. Ada ya kuomba viza peke yake ilikuwa dola 185, nazo hazirudishwi hata kama ofisa wa ubalozi amekukatalia. Nauli aliiwekea akiba miaka miwili, na siku zenyewe alizikata katika likizo yake ya mwaka. Alipokwisha kupata viza aliniletea orodha yake hapa Picha ya Ndege, tukae tuipitie pamoja. Tangu wakati huo, na hasa tangu mwaka 2025, masharti ya viza ya Marekani kwa Watanzania yamekazwa zaidi, na safari kama ile imekuwa ngumu kuliko ilivyokuwa. Ndiyo maana sioni kwamba jambo hili ni la mzaha. Mtu anayepata nafasi ya namna hiyo mara moja katika maisha yake, akazitumia siku zake kwa orodha isiyo yake, hasara anayoipata hakuna wa kumlipa.

Mimi sijafika Marekani. Najua atakuwapo msomaji wa kuniuliza ni kwa haki gani basi nakosoa orodha ya mji nisioujua. Jibu langu ni kwamba kuchagua kabla ya kwenda ni kazi ya asiyefika. Aliyefika husimulia. Anayekwenda huchagua kwa yale aliyoyasoma na kuyasikia, na kwa hayo mimi na mpwa wangu tulikuwa sawa. Tofauti yetu ni kwamba mimi sikuwa na haraka.

Orodha yake ilikuwa na mahali 14: Sanamu ya Uhuru, jengo la Empire State, Times Square, bustani ya Central Park, Daraja la Brooklyn, Rockefeller Center, jumba la sanaa la Metropolitan, jumba la makumbusho la viumbe na maumbile, kumbukumbu ya Septemba 11, Wall Street na fahali wake wa shaba, tamthiliya za Broadway, stesheni ya Grand Central, njia ya bustani iitwayo High Line, na maduka ya Fifth Avenue. Kando ya kila jina palikuwa na maelezo mafupi. Daraja lilifunguliwa mwaka 1883. Sanamu ilizinduliwa mwaka 1886. Empire State lilifunguliwa mwaka 1931 na lina ghorofa 102. Sikuona hata mahali pamoja ambapo ningeweza kusema ni pabaya, na maelezo yale yalikuwa ya kweli. Kasoro niliyoiona ilikuwa katika neno moja lililoandikwa juu kabisa ya karatasi, kwa herufi kubwa: LAZIMA.

Nilimwuliza, "Lazima kwa nani?"

Akacheka. "Mjomba, kwa kila anayekwenda."

Hapo ndipo penye kiini cha mambo. Desturi ya kuyapanga mahali kwa ulazima ina historia yake. Katika karne ya 19 Karl Baedeker, mchapishaji wa Ujerumani, alitoa vitabu vidogo vya kumwongoza msafiri, na ndani yake akaweka nyota mbele ya yale yasiyofaa kukosekana. Kusudi lake lilikuwa jema. Alitaka msafiri ajitegemee, asiwe mateka wa waongozaji wa kukodi waliokuwa wakimngoja kila stesheni. Kampuni yake ilitoa kitabu cha Marekani mwaka 1893. Baadaye vitabu vya Michelin vya Ufaransa vikaendeleza desturi hiyo kwa daraja tatu: nyota tatu maana yake mahali panastahili safari nzima, mbili panastahili kuiacha njia ili upaone, na moja pana la kutazamwa. Mwenye vitabu hivi alimjua msomaji wake. Alikuwa Mzungu mwenye nafasi, aliyesoma shule za namna fulani, mwenye siku chache na hamu ya kuzitumia vizuri. Kwa msomaji huyo nyota zilikuwa msaada mkubwa.

Kisha orodha ikatoka katika kitabu, ikanakiliwa, ikafupishwa, ikanakiliwa tena, hata ikapoteza jina la mtunzi na jina la msomaji. Kilichobaki ni amri. Leo orodha ile ile hupewa mtu wa Oslo, mtu wa Osaka na mtu wa Kibaha, kana kwamba wote watatu wametoka mahali pamoja, au hawakutoka mahali popote. Mhakiki akikutana na riwaya ambayo mhusika wake mkuu hana kwao, hana wazazi, wala hana anachokumbuka, atasema mhusika huyo hajaumbwa. Msafiri wa orodha ni mhusika wa namna hiyo.

Sisi wa upande huu tunaijua kasoro hiyo vizuri, kwa sababu tumezoea kuwa upande wa pili wake. Barabara ya Morogoro inapita hapa kwetu. Magari ya watalii yanayokwenda Mikumi hutupita kila siku, nayo hayasimami isipokuwa kwa pancha au kwa askari wa usalama barabarani. Orodha ya Tanzania inayochukuliwa na wageni hao nayo tunaijua kwa moyo: Serengeti, Ngorongoro, Kilimanjaro, Zanzibar. Siwalaumu. Lakini chukua mgeni wa Denmark au Norway ambaye mzazi wake alifanya kazi Kibaha katika miaka ya 1960, wakati nchi za Nordic zilipokuwa zikijenga kituo ambacho leo ni Shirika la Elimu Kibaha, kilichoanzishwa mwaka 1963 na kukabidhiwa kwa Tanzania mwaka 1970. Kwa mgeni huyo madarasa yale na vile viwanja ni nyota tatu. Orodha ya kila mtu haitamwambia hivyo. Lazima ajiambie mwenyewe kabla hajaondoka kwao.

Basi nikamwomba mpwa wangu tuifanye kazi kwa njia nyingine. Tusianze na New York. Tuanze na hapa, tuulize ni kamba gani zilizofungwa hapa ambazo ncha yake ya pili iko kule. Nilidhani tungepata moja au mbili. Tulipata nyingi kuliko siku zake.

Ya kwanza ilikuwa ya jirani. Pugu, kwenye vilima vinavyopakana na Kisarawe, kulikuwa na mwalimu wa shule ya St. Francis aliyeitwa Julius Nyerere. Mwezi Machi 1955 alikwenda New York kuzungumza mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa kwa niaba ya TANU, chama ambacho kilikuwa hakijatimiza hata mwaka mmoja. Ujumbe wa Umoja wa Mataifa uliozuru Tanganyika mwaka 1954 ulikuwa umesema kwamba nchi hii ingeweza kujitawala katika miaka 20 au 25, na Uingereza haikutaka kusikia tarehe yoyote. Nauli ilichangwa na wananchi. Aliporudi, alitakiwa achague kati ya ualimu na siasa, akaacha ualimu mwezi huo huo. Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, na siku tano baadaye ikawa mwanachama wa Umoja wa Mataifa.

Sasa, ukumbi wa Baraza la Udhamini upo bado, katika makao makuu ya Umoja wa Mataifa yaliyo ukingoni mwa Mto East, na wageni wanaolipa kiingilio huzungushwa kuonyeshwa kumbi ikiwa hakuna mkutano. Baraza lenyewe lilisimamisha kazi zake mwaka 1994, baada ya Palau, nchi ya mwisho iliyokuwa chini ya udhamini, kupata uhuru wake. Ukumbi ulitengenezwa kwa msaada wa Denmark, kwa ramani ya msanifu Finn Juhl. Ukumbi wa Baraza la Usalama uliojengwa ubavuni ni msaada wa Norway, na ule wa Baraza la Uchumi na Jamii ni msaada wa Sweden. Nilimwambia mpwa wangu asome tena majina hayo matatu. Ni mataifa yale yale yaliyokuja kujenga Kibaha miaka kama kumi hivi baadaye. Mtoto wa Kibaha akiingia katika kumbi hizo anaingia katika kazi ya watu ambao kazi yao nyingine ameipita tangu utotoni akienda shule au hospitali ya Tumbi. Ndani ya ukumbi wa Udhamini pana sanamu kubwa ya mti wa msaji iliyochongwa na Henrik Starcke: mwanamke ameinua mikono, anamwachia ndege aruke. Sisi wa Picha ya Ndege tumezoea kuulizwa ndege wetu ni yupi, wa mbawa au wa injini. Wa kule ni wa mbawa.

Katika orodha ya mahali 14, Umoja wa Mataifa haukuwamo.

Kamba ya pili ni ya bahari. Tarehe 30 Aprili 1840 jahazi la Sayyid Said, likiitwa Sultana, liliingia New York likitoka Zanzibar, chini ya mjumbe wake Ahmad bin Naaman. Lilichukua tende, kahawa, karafuu, pembe, ngozi, na sandarusi, ile gundi ngumu iliyokuwa ikichimbwa ardhini katika Mrima wetu huu na kupelekwa ng'ambo kutengenezewa vanishi. Jahazi lilikuwa limechakaa kwa safari, na serikali ya Marekani ikalifanyia matengenezo katika karakana ya jeshi la majini, Brooklyn. Lilirudi mwezi Agosti na shehena iliyokuwamo ndani yake ile nguo ambayo watu wetu waliiita merikani, na wengine wanaiita hivyo hata leo bila kujiuliza jina limetoka wapi.

Habari hii ina funzo kwa mwenye orodha. Wageni wale walizungushwa mjini na viongozi wa jiji, wakaonyeshwa yale ambayo mji ulijivunia wakati huo. Sanamu ya Uhuru haikuwapo, Daraja la Brooklyn halikuwapo, wala Central Park haikuwapo. Orodha ya mwaka 1840 ilikuwa nyingine kabisa, na waliokuwa nayo bila shaka nao waliamini kwamba ni ya lazima. Isitoshe, watu wa mji walimiminika gatini kuwatazama mabaharia, na mchoraji Edward Mooney akachora sura ya Ahmad bin Naaman akiwa na kilemba chake na kitara chake. Kwa miezi ile michache kivutio cha New York kilikuwa watu wa Zanzibar. Mtu wa pwani anayesimama leo kusini mwa Manhattan, akitazama maji, ana haki ya kukumbuka kwamba wa kwao wamekwisha kupita hapo, nao walikwenda kwa biashara na kwa heshima.

Ya tatu ni ya miguu. Central Park ilikuwamo katika orodha, na maelezo yake yalitaja miti, maziwa na magari ya farasi. Hayakutaja kwamba tarehe 5 Novemba 1989 Juma Ikangaa, Mtanzania, alimaliza humo mbio za marathoni za New York akiwa wa kwanza, kwa saa 2 dakika 8 na sekunde 1, muda ambao haukufikiwa na mwingine katika njia ile mpaka mwaka 2001. Mbio hizo huanzia Staten Island, zikapita Brooklyn, Queens na Bronx, zikaishia ndani ya bustani. Nina hakika kuna bustani nzuri duniani zisizopungua mia. Lakini ile yenye mstari ambao Mtanzania aliukata mbele ya maelfu ya wakimbiaji ni moja.

Ng'ambo ya barabara, magharibi ya bustani hiyo, lipo jumba la makumbusho la viumbe na maumbile. Nalo lilikuwamo katika orodha, kwa sababu ya mifupa ya dinosauri. Humo mna ukumbi wa wanyama wa Afrika uliofunguliwa mwaka 1936, uliopewa jina la Carl Akeley. Katikati wamesimama ndovu wanane waliokaushwa, na pembeni mna vyumba 28 vya vioo vilivyopangwa kama mapori yetu, kila kimoja na wanyama wake, majani yake na mbingu iliyochorwa nyuma. Kimojawapo kinaonyesha sokwe wakubwa wa milima ya Kivu, na Akeley mwenyewe alifia huko, kwenye mlima Mikeno, mwaka 1926. Mpwa wangu akasema, "Wanyama nawajua, mjomba. Niende Marekani kutazama ndovu?" Nikamjibu kwamba si ndovu atakaowatazama. Atawatazama watu wanaowatazama ndovu. Kwa karibu miaka tisini watoto wa New York wamejifunza Afrika katika ukumbi ule wenye giza, na Afrika waliyojifunza ni pori lisilo na shamba, wala nyumba, wala shule. Anayetaka kujua kwa nini mgeni akishuka hapa huuliza kwanza walipo simba, akasimame pale nusu saa. Mbele ya mlango wa jumba hilo palikuwa na sanamu ya Rais Theodore Roosevelt juu ya farasi, na ubavuni mwake Mwafrika na Mhindi Mwekundu wakitembea kwa miguu. Iliondolewa Januari 2022. Maana yake ni kwamba hata wenyeji wameanza kuisoma upya orodha yao.

Mwingine ataniambia kwamba mambo haya ni ya New York tu. Sivyo. Angekuwa anakwenda Chicago, ningemwambia aende makumbusho ya Field akawaone simba wawili wa Tsavo, waliouawa mwezi Desemba 1898 baada ya kuwala wajenzi wa reli ya Uganda, na ambao ngozi zao ziliuzwa kwa makumbusho hayo mwaka 1924 kwa dola 5,000. Mji mkubwa umekusanya vitu vya watu wengi. Kazi ya msafiri ni kujua vilivyo vyake.

Kamba mbili zilizobaki ni nzito zaidi. Kaskazini mwa Manhattan, mtaa wa 165, lipo jengo lililokuwa ukumbi wa Audubon. Tarehe 13 Desemba 1964 Abdulrahman Babu, waziri katika serikali yetu ya Muungano iliyokuwa changa, alihutubia hapo kwa mwaliko wa Malcolm X, ambaye miezi miwili kabla alikuwa amefika Dar es Salaam. Tarehe 21 Februari 1965 Malcolm X aliuawa katika ukumbi huo huo. Sehemu ya jengo leo ni kituo cha kumkumbuka yeye na mkewe.

Na kusini, karibu na mahali palipoanguka minara miwili, ipo mahakama ya shirikisho. Tarehe 7 Agosti 1998 ubalozi wa Marekani Dar es Salaam ulilipuliwa wakafa watu 11, na siku hiyo hiyo ule wa Nairobi ambako walikufa zaidi ya 200. Kesi iliendeshwa katika mahakama hiyo. Watu wanne walitiwa hatiani Mei 2001, mmoja wao mzaliwa wa Zanzibar, na wakahukumiwa kifungo cha maisha mwezi Oktoba, wakati vifusi vya Septemba 11 vilikuwa bado havijazolewa, mwendo mfupi tu kutoka hapo. Orodha ya mpwa wangu ilikuwa na kumbukumbu ya Septemba 11, na ni haki iwemo. Waliokufa pale wanastahili kusimamiwa kimya na kila anayepita. Lakini Mtanzania anayesimama pale bila kujua kwamba mtaa wa pili yake ndiko damu ya watu wake mwenyewe ilikoamuliwa, ameazima huzuni ya wengine na kuisahau ya kwao. Sidhani kwamba kuna kasoro kubwa kuliko hiyo katika orodha yoyote.

Tulipofika hapo mpwa wangu alinipa hoja ambayo sikuweza kuipuuza, wala sitaki kuipuuza hapa. Alisema, "Mjomba, mtu asafiri saa ishirini aende akatafute kwao? Si afadhali nibaki Kibaha? Mimi nataka kuona nisiyoyajua." Hoja hiyo ina nguvu. Wapo wasafiri ambao hawaoni chochote isipokuwa sura zao wenyewe, na Mwafrika naye anaweza kuwa mmoja wao. Mtu akienda mji mkubwa akitafuta Tanzania tu, atarudi na Tanzania aliyoondoka nayo. Wahenga walisema tembea uone. Hawakusema tembea ujione.

Walakini jambo nililolipendekeza silo hilo. Kujua kwamba Ikangaa alishinda Central Park hakukuzuii kuiona miti yake. Kunakupa mahali pa kusimama unapoitazama. Mgeni katika nyumba ya watu ambaye ameona kitu kimoja anachokijua, hata kama ni kikombe tu, huanza kuviangalia na vingine kwa utulivu. Asiyeona chochote anachokijua huishia kutazama ukubwa. Ndiyo maana wengi wanaorudi kutoka huko husimulia urefu wa majengo na wingi wa taa, na ukiwauliza swali la pili hawana. Urefu wa jengo unasomeka katika kitabu. Haukuhitaji nauli.

Kwa hiyo tulikubaliana. Katika mahali 14 alizokuja nazo alifuta nane. Kwenye karatasi mpya tuliweka za kwetu, na chini yake tukaacha nafasi ya yale mageni kabisa ambayo moyo wake uliyataka kwa sababu zake mwenyewe. Alichagua kuvuka Daraja la Brooklyn kwa miguu, kwa kuwa kazi yake ni ya ujenzi na alitaka kuona kamba za chuma zilizolibeba kwa miaka zaidi ya 140. Hiyo niliiona kuwa sababu bora kuliko nyota. Empire State alilifuta mwenyewe alipojua kwamba kupanda juu ni zaidi ya dola 40. Sanamu ya Uhuru aliamua kuiona kwa mbali kutoka feri ya Staten Island, ambayo haitozi nauli. Nikamwonyesha katika ramani kwamba siku moja ya kutembea kwa miguu ingemtosha kwa upande wote wa kusini: feri asubuhi, kisha mahali ilipotia nanga Sultana, kisha kumbukumbu ya minara, kisha mahakama, na jioni daraja, ambalo njia yake ya waenda kwa miguu huanzia hapo hapo karibu. Orodha yake ya kwanza ingempitisha njia hiyo hiyo. Angeyapita yote mawili, gati na mahakama, akimtafuta fahali wa shaba.

Aliporudi hakuniletea picha nyingi. Katika ukumbi wa Baraza la Udhamini walikaa dakika chache tu, maana mwongozaji alikuwa na kundi kubwa na ratiba ya kufuata. Alieleza habari za samani na za sanamu, akataja kwamba nchi 11 zilikuwa chini ya udhamini, akaendelea. Mpwa wangu akanyosha mkono, akasema kwamba yeye ametoka katika mojawapo ya hizo 11, na kwamba mwalimu wa shule ya karibu na kwao alikuja kuzungumza hapo mwaka 1955 kwa nauli ya mchango. Anasema kundi zima liligeuka kumtazama, na mama mmoja akamwuliza alivyoitwa mwalimu huyo. Akamtajia jina, na mama akaomba alitaje tena polepole ili aliandike.

Vijana wengine watatu wameniletea orodha tangu hapo, mmoja wa Guangzhou, mmoja wa Dubai na mmoja wa Istanbul. Sikuwachagulia mahali hata pamoja. Niliwauliza lile lile nililomwuliza mpwa wangu, nikawapa kalamu.